Kioo cha inchi 27 kwa sipiyu ya mwaka 2012: kioo nakipa alama tisa kwa kumi, duka alama sita

Monita hii nimekaa nayo mwezi wa tatu sasa, kwa hivyo ninayosema si ya mtu aliyefungua boksi jana usiku.

Nina kibanda cha kuchapisha hapa Chake Chake, Pemba. Kadi za harusi, vyeti vya madrasa, mitihani ya skuli, maombi ya kazi, picha za pasipoti, hata tangazo la mbuzi aliyepotea ukitaka. Zamani nilikuwa nikisomesha, na watu bado wananiita Maalim ingawa chaki nimeiwacha siku nyingi. Kompyuta yangu ni Dell OptiPlex 7010, prosesa i5-3470, kizazi cha mwaka 2012. Niliinunua mtumba, nikaitia ramu ikafika gigabaiti 8, nikaibadilisha diski ikawa SSD, na tangu hapo haijanisumbua. Kilichokuwa kikinisumbua ni kioo: inchi 17, cha mraba, nyuma kimeandikwa pikseli, yaani vitone vya picha, 1280 kwa 1024, na pembe ya kushoto imeshageuka manjano kama kitabu cha babu. Kadi ukiifungua nzima, herufi huzioni. Ukizikuza herufi, kadi huioni. Na kadi ya harusi ukikosea jina la babu wa bwana harusi, umejitafutia ugomvi na ukoo mzima.

Karafuu zilitupa kidogo, na Mfunguo Mosi ulikuwa unakaribia, wakati ambao harusi huku hazina mwisho. Nikasema sasa au basi.

Nilikuwa Unguja kwa harusi ya mtoto wa dada. Siku ya pili yake nikaingia duka moja la vifaa vya kompyuta pale Darajani. Jina lake silitaji; mwenyewe ananijua, na mengine yalimalizika kwa uzuri. Nilichokitaka nilikuwa nakijua kabla ya kuvuka mlango: kurasa mbili za A4 zikae ubavu kwa ubavu, kwa ukubwa wake wa kweli, nisome bila ya kuinama. Kijana akanionesha kioo cha inchi 24. Nikamwomba karatasi moja kwenye rimu, nikaiegemeza pale kiooni. Akacheka, lakini karatasi haidanganyi: A4 ina milimita 297 kwenda juu, na kioo kile kina 299 hivi. Karatasi imejaa yote, hapana hata pa kuweka mstari wa menyu. Tukahamia cha inchi 27, kina kama 336 kwenda juu na karibu 600 kwa upana. Hapo karatasi mbili zikakaa na nafasi ikabaki. Pikseli zake 2560 kwa 1440. Walianza na laki sita na nusu, tukamalizana kwa laki sita na ishirini.

Jambo moja walilifanya vizuri sana na nalitaja kwa haki. Walikiwasha mbele yangu, wakaweka weupe mtupu, kisha weusi mtupu, kisha nyekundu, kijani, buluu, tukatafuta doti iliyokufa. Hapakuwa na hata moja. Wakaandika dhamana ya mwaka mmoja kwenye risiti na kupiga muhuri. Si kila duka utalipata hilo.

Lisilokuwa zuri ni kwamba hakuna aliyeniuliza kompyuta yangu ni ipi. Mimi ndiye niliyeanza: "Waya wangu ni ule wa VGA, wa buluu, wenye skrubu mbili. Utaingia?" Hauingii. Kioo kile kina matundu mawili ya HDMI na moja la DisplayPort, VGA hakina kabisa. Sipiyu yangu nayo HDMI haina. Ina VGA moja, na matundu mawili ambayo miaka yote nilikuwa nikiyaona tu, yanafanana na HDMI lakini pembe moja imekatwa.

"Hizo ndizo DisplayPort, sheikh. Chukua kidude hichi, upande mmoja unachomeka kwenye sipiyu, upande wa pili unatia waya wa HDMI uliomo ndani ya boksi. Umemaliza."

Elfu ishirini. Pakiti imeandikwa 4K kwa herufi kubwa, yaani inapitisha picha ya pikseli nyingi kuliko hata za kioo changu. Nikalipa.

Safari siisimulii, ila boksi la inchi 27 ndani ya meli si mzigo wa kumpa mchukuzi. Nimelipakata kama mtoto mpaka bandari ya Mkoani, na kwenye gari ya abiria ya 603 nikalipia viti viwili.

Usiku ule nikaunga. Kioo kikawaka, kikaandika hakuna mawasiliano, kikazima. Hilo nilipoteza nusu saa bure: waya nimeuchomeka tundu la pili la HDMI na kioo kinasikiliza la kwanza. Chini ya kioo, katikati, kuna kibatani cha kusukuma huku na huku. Ukikibonyeza inatoka menyu, unachagua tundu. Kinachokera ni kuwa hukioni, unakipapasa kama mtu anayetafuta kiatu gizani.

Picha ikaja. Picha gani! Maandishi mapana kama matangazo ya mkutano wa hadhara, na kadi niliyokuwa nimeiwacha wazi, yenye pete mbili za dhahabu zilizopishana, pete zimegeuka mayai. Mayai ya bata, yamelala. Nikaingia kwenye mipangilio ya kioo: 1024 kwa 768, na sehemu ya kuchagua imefifia, haibofyeki.

Asubuhi nikamwita fundi mmoja wa hapa mjini. Akaangalia, akasimama, akasema kompyuta yangu imezeeka, haiwezi kuendesha kioo kipya, ninunue nyengine. Akaongeza kuwa hata hiyo Windows 10 yenyewe imeshawachwa, Microsoft walisimamisha huduma zake tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yangu Windows 11 haikubaliki. Hilo la mwisho ni kweli. Prosesa za kizazi cha tatu hazimo kwenye orodha yao. Lakini kweli moja haifanyi ya pili kuwa kweli. Nikamlipa elfu tano ya kuja kwake, nikampigia mtoto wa kaka yangu, yuko Unguja anasoma chuo kikuu cha SUZA.

"Ami, bofya kitufe cha kulia pale pembeni chini, kwenye alama ya Windows. Fungua Device Manager. Kwenye mstari wa kioo pameandikwa nini?"

"Microsoft Basic Display Adapter."

Akacheka. "Draiva haimo, Ami. Aliyekutilia Windows mwaka jana hakumaliza kazi."

Alivyonieleza ni hivi. Windows ikiwa haina draiva, yaani programu ya kuiendesha kadi ya picha, inazungumza na kioo kwa mkalimani anayejua kusalimia tu. Picha utaipata, lakini saizi huchagui, unachukua uliyopewa. Na mashine yangu intaneti inaionja kwa nadra, kwa hivyo haikupata nafasi ya kujitafutia draiva yenyewe. Nikamuuliza, mbona kioo cha zamani kilikuwa sawa? Akanambia hakikuwa sawa. Nikatoa faili lile lile, nikarudisha kioo cha inchi 17, nikapima pete kwa rula juu ya kioo. Zimerefuka kwenda juu! Kidogo, kama milimita tatu kwa pete ya sentimita nne na nusu, lakini zimerefuka. 1024 kwa 768 ilikuwa ikivutwa ijae kioo cha umbo jengine. Mwaka mzima nimekuwa nikichora pete huku nikizitazama ni mayai, na jicho limezoea. Kwenye karatasi zilikuwa zikitoka duara, ndiyo maana hakuna aliyelalamika.

Draiva tuliipata hivi: kwenye sipiyu ya Dell kuna kistika chenye herufi na namba saba, wanaita Service Tag. Unaiandika kwenye tovuti yao, wanakuonesha mashine yako na draiva zake. Nikaishusha kwa bando la simu, nikaitia, nikazima na kuwasha. Jina likabadilika likawa Intel HD Graphics. Kioo kikajinyoosha, pete zikawa pete. Mke wangu kaleta chai na mkate wa kusukuma, nikajiona nimeshinda.

Nilipokaa kusoma ndipo nikajua bado. Herufi zilikuwa na ukungu. Si ukungu wa kusema hazisomeki. Ni ule wa miwani uliyoifuta kwa kanzu yenye mafuta. Na weusi haukuwa weusi. Ilikuwa rangi ya buibui lililoanikwa juani miaka mitatu. Kwenye orodha ya saizi, ya juu kabisa ilikuwa 1920 kwa 1080. 2560 haikuwemo.

Hili ndilo khasa lililonifanya niandike, kwa sababu wengi watasimama hapo, wataona picha imejaa kioo, watasema ndiyo hivyo hivyo kilivyo. Kioo cha aina hii kina vitone vyake vya kudumu, 2560 kwa mstari. Ukikiletea 1920, kila kitone kimoja kinatakiwa kienee kwenye kimoja na thuluthi. Thuluthi ya kitone hakuna, kwa hivyo kioo kinachanganya jirani na jirani, na ukingo wa herufi unatoka ukungu. Kwa picha za harusi huoni sana. Kwa alifu na lamu za saizi ndogo, unaona.

Nikapiga simu dukani.

"Sheikh, kidude kimeandikwa 4K, tatizo haliwezi kuwa hapo."

"Kilivyoandikwa nimekiona. Nakwambia kinavyoonesha."

Akasema kidude hicho, yaani adapta, ikishafunguliwa pakiti hairudishwi. Ubishi wetu haukufika popote, nikamrudia mtoto wa kaka. Yeye akaenda kusoma karatasi za Intel zenyewe, akanirudia baada ya sala ya laasiri. Kidude kile ni cha aina rahisi, hakifasiri kitu. Kinaliambia tundu la DisplayPort, "Sema kama HDMI," na tundu linatii. Na kizazi hiki cha prosesa kikisema kama HDMI, mwisho wake ni 1920 kwa 1200. Tundu lile lile, mashine ile ile, likiwachwa liseme lugha yake ya DisplayPort, linafika 2560 kwa 1600. Pakiti kwa hivyo haikusema uongo: 4K itapita, ukiipata sipiyu ya kuitoa. Na ule weusi wa kijivu nao ulitokana na njia hiyo. 1920 kwa 1080 kupitia HDMI, kadi hizi za Intel zinadhani zimeungwa na tivii, zinabana rangi, weusi wa kweli na weupe wa kweli havifiki. Unaweza kuubadilisha kwenye programu ya Intel, nikaubadilisha, ukapungua. Ukungu ukabaki pale pale.

Dawa ilikuwa waya mmoja tu, DisplayPort huku na DisplayPort huku. Nikazunguka Chake maduka matatu. Waya za HDMI zimening'inia kama kamba za madema, wa DisplayPort hata mmoja. Wa VGA upo, hata ukiutaka wa mita kumi na tano.

Na hapa ndipo lile duka la Darajani lilipojikomboa. Siku ya pili mwenye duka mwenyewe, si yule kijana, alinipigia. Hakuomba radhi, Mzanzibari muungwana hupitia mlango wa nyuma: alinijulia hali, akaulizia karafuu, akauliza watoto, ndipo akasema waya anao, elfu ishirini na tano, na gharama ya kuuleta ni juu yake. Akamkabidhi abiria wa meli, mimi nikaupokea Mkoani. Adapta hakuichukua. Ndiyo maana duka nalipa alama sita. Angeniuliza siku ya mwanzo tundu gani liko nyuma ya mashine yangu, angekula tisa na mimi ningekula usingizi.

Nikautia waya. Una vimeno viwili, ukiutoa lazima ubonyeze, usivute kwa nguvu utang'oa tundu. Kioo kikazima kidogo, kikawaka. Orodha ya saizi, mstari wa kwanza: 2560 kwa 1440. Nikabofya.

Sasa nazungumzia kioo, maana hicho ndicho mtu anachotaka kununua. Herufi zimekatwa kama kwa wembe. Weusi ni weusi. Uso wake haung'ari, na kibanda changu kina mlango mkubwa unaoingiza jua la asubuhi. Kile cha zamani nilikuwa nakiwekea kitambaa. Ulipotoka kiwandani mwangaza ulikuwa juu mno, kadi nyeupe inakupiga macho kama bati jipya. Nimeushusha mpaka 35, na hapo ndipo rangi ya kiooni inapokaribiana na karatasi inayotoka kwenye printa. Maruni, ambayo bi harusi wengi wa huku wanaipenda, zamani ilikuwa ikitoka kahawia nami nikiilaumu printa. Boksi linasema hezi 100, yaani picha inabadilika mara mia kwa sekunde. Kwa mashine yangu kwenye saizi kamili napata 60. Mimi nachapa kadi, sichezi gemu.

Nimekikata alama moja kwa mguu wake. Hauendi juu wala chini, unainama mbele na nyuma tu. Nimeuweka juu ya rimu mbili za karatasi, na karatasi zikinipungukia naazima kutoka chini ya kioo.

Herufi mwanzoni zilikuwa ndogo kwangu, kwa sababu vitone ni vingi zaidi kwa kila inchi: kama 109, wakati kile cha zamani kilikuwa na 96. Nikapandisha ukuzaji wa Windows ukawa asilimia 125. Hapo programu yangu ya kadi, ambayo ni ya zamani kuliko baadhi ya maharusi wanaoitumia, ikarudi kuwa na ukungu, peke yake. Nikashtuka nikidhani tumerudi kule kule. Kumbe programu kongwe hazijui kujikuza, Windows inazivuta kama picha. Dawa: kitufe cha kulia kwenye alama ya programu, sifa zake, ukurasa wa utangamano, mle mna sehemu ya kuiambia programu ijikuze yenyewe. Menyu zake zimekuwa ndogo, lakini kazi inaonekana safi.

Na ile hamu yangu ya A4 ya kweli? Usiamini asilimia 100 ya programu. Weka karatasi juu ya kioo ulinganishe. Kwenye programu ya kuandikia, kwa ukuzaji wa 125, mimi nimesimama kwenye asilimia 91, na karatasi na picha yake zinalingana ukingo kwa ukingo. Lazima niufiche utepe wa juu ndipo ukurasa uingie mzima, lakini mbili zinakaa ubavu kwa ubavu kama nilivyotaka.

Kioo cha zamani sijakitupa. Nimekiunga kwa ule waya wake wa VGA, nimekigeuza kuelekea upande wa mteja, ili mama wa bi harusi akae kwenye kiti chake asome majina kabla sijachapa. Mwanzo niliweka vioo vyote vioneshe kitu kimoja. Kosa: vikioneshana kitu kimoja vinashuka pamoja mpaka saizi ya mdogo, na kikubwa kikarudi kuwa na ukungu. Sasa nimeviunganisha viwe meza moja ndefu, kadi naiburuta kwenda upande wa mteja, akimaliza kusahihisha naiburuta kurudi. Wiki iliyopita bibi mmoja alisoma jina la mumewe marehemu, akasema, "Maalim, huyu alikuwa Khamis wa kha, si Hamis." Miaka yote hiyo kosa kama hilo lilikuwa linaonekana baada ya kadi mia tatu kutoka.

Elfu ishirini na tano ya waya, basi, ndiyo iliyofanya laki sita na ishirini iwe na maana. Ukienda kununua na mashine yako ni ya umri wa yangu, piga picha mgongo wa sipiyu kwa simu, umuoneshe mwenye duka kabla hujatoa pesa.

Adapta bado ninayo, imetundikwa kwenye msumari na bei yake. Kwa tivii ya kawaida ya 1920 kwa 1080 inafanya kazi bila ya taabu, nimeijaribu nyumbani. Anayeitaka aje na elfu kumi, nipo kila siku isipokuwa Ijumaa mchana.